Wakuu wakubaliane kwanza, ndipo mtumishi aagizwe

Siku ya kumeza dawa za kichocho katika shule ya msingi iliyo kando ya Ziwa Victoria wilayani Busega, mwalimu wa darasa hufanya kazi ambayo si yake. Anasimamisha fimbo yenye alama, mtoto anasogea na kusimama wima, na urefu wake ndio unaoamua ameze vidonge vingapi, kuanzia kimoja kwa mdogo kabisa hadi vitano kwa aliyerefuka. Kabla ya hapo mtoto awe amekula, maana dawa hiyo ikikuta tumbo tupu humletea kichefuchefu na kizunguzungu. Uji ni jukumu la shule na wazazi. Dawa imeletwa na idara ya afya. Daftari la majina ni la idara ya elimu. Maji ambayo mtoto huyohuyo ataingia jioni yana wenyewe wengine kabisa: wakala wa maji vijijini, RUWASA, kama bomba limefika, idara ya uvuvi kama ni mwalo wa dagaa, afisa afya wa kata kama tatizo ni vyoo. Mwalimu yule ana mkuu wa shule, ana mkurugenzi wa halmashauri, ana Tume ya Utumishi wa Walimu, ana wizara mbili juu yake. Na siku hiyo moja anamfanyia kazi mganga mkuu wa wilaya. Kichocho hakina idara yake peke yake, na ndiyo sababu kinahitaji zote.

Wilaya nzima huendeshwa hivyo, kila siku, kuanzia ofisi za makao makuu ya Nyashimo hadi kijiji cha mwisho. Vitabu vya menejimenti huuita mpangilio wa namna hii muundo wa matriksi, na husimulia kwamba ulishika kasi katika viwanda vya ndege na roketi vya Marekani miaka ya 1960, mhandisi alipokuwa na mkuu wa fani yake upande mmoja na mkuu wa mradi upande wa pili. Sisi tumeuishi kwa miaka mingi bila kuukiri, na kwa kuwa hatuukiri, hatuusimamii. Hoja yangu ni kwamba kosa haliko kwenye mtumishi kuwa na mabosi wawili. Kosa ni kwamba mabosi hao hawaketi kukubaliana kabla hawajamwagiza, kwa hiyo mgogoro wa wakubwa hushuka na kumwangukia mtu wa cheo cha chini kabisa, ambaye hana mamlaka ya kuutatua. Na dawa mbili tunazozikimbilia, yaani kutoa maagizo na kuzing'oa idara kutoka halmashauri ili ziwe wakala, hazigusi kosa hilo.

Hali hii haikuanza jana. Mwaka 1972 Serikali ilifuta halmashauri na kuleta mpango wa Madaraka Mikoani, kwa ushauri wa kampuni ya Marekani ya McKinsey, ikiwaweka wataalamu wa kilimo, afya na maji chini ya wakurugenzi wa maendeleo wa mikoa na wilaya huku wizara zao zikibaki na sauti ya kitaalamu. Sheria za mwaka 1982 zikazifufua halmashauri, nazo zikaanza kazi tena mwaka 1984. Sera ya ugatuaji ya mwaka 1998 ikaeleza kwamba mkuu wa idara anawajibika kwa mkurugenzi na kwa baraza la madiwani, na wizara itabaki na sera, viwango na ushauri. Katika karatasi mambo yanasomeka vizuri. Lakini wizara yenye fedha za mradi ina nguvu kuliko baraza lisilo nazo, na mkuu wa idara hujua simu ipi aipokee kwanza. Busega ilizaliwa katikati ya hayo. Iligawanywa kutoka Magu, mkoani Mwanza, na mwaka 2012 ikaingia katika Mkoa mpya wa Simiyu pamoja na Bariadi, Maswa na Meatu zilizotoka Shinyanga, na Itilima iliyomegwa kutoka Bariadi. Wilaya changa huanza na majukumu yote ya wilaya kongwe bila watumishi wa kutosha kuyabeba, kwa hiyo mtu mmoja hubeba kazi ambazo kwingine zingegawanywa kwa watatu.

Tuitazame pamba, zao ambalo Simiyu inaongoza nchini kulizalisha. Kwenye kituo cha kununulia, msimu ukishafunguliwa mwezi Mei, mzani mmoja unazungukwa na taasisi tano. Mzani wenyewe umehakikiwa na Wakala wa Vipimo. Karani anayeandika risiti ni wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ambayo iko chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Mnunuzi ana leseni ya Bodi ya Pamba. Halmashauri inasubiri ushuru wake, ambao tangu mwaka 2017 ni asilimia 3 kwa mazao ya biashara. Afisa ugani, aliyehangaika tangu Novemba akiwahimiza wakulima wapande kwa mstari, sentimita 60 kwa 30, ameajiriwa na halmashauri, anaongozwa kitaalamu na Wizara ya Kilimo na anapokea maelekezo ya zao kutoka Bodi. Viuadudu vikichelewa, mkulima anamfuata yeye, ingawa hakuviagiza wala hakuvitunza. Baada ya mavuno, Bodi inamtaka ahakikishe masalia ya pamba yameng'olewa na kuchomwa ili wadudu wasivuke kwenda msimu mwingine. Wakati uleule halmashauri inahesabu mapato. Ni malalamiko ya siku nyingi nchini kwamba maafisa ugani hukaimishwa utendaji wa kijiji au kutumwa kukusanya mapato. Mwenye kuwatuma hana nia mbaya, kwani mapato hayo ndiyo yatakayojenga zahanati. Ila hakuna meza ambapo mkurugenzi na Bodi walikaa wakaamua kwamba wiki hizi mtu huyu ni wa shamba, na zile ni za ushuru. Anaamua yeye, kwa kuangalia nani anaweza kumuumiza zaidi. Anachagua ushuru, na mkulima anabaki na miti ya pamba iliyosimama shambani hadi Oktoba.

Dawa ya kwanza tuliyoizoea ni agizo. Kiongozi anapita, anaona choo cha shule hakijaisha au zahanati haina maji, anaita wakuu wa idara mbele ya wananchi na kutoa siku kadhaa kazi iwe imekamilika. Agizo lina mahali pake. Kipindupindu kinapoingia mwaloni hakuna mwenye haki ya kusubiri kikao. Tatizo ni pale linapokuwa njia ya kawaida ya kuzileta idara pamoja, kwa sababu agizo huja bila fungu. Fedha za kulitekeleza huchomolewa kwenye kazi nyingine iliyokuwa imepangwa, na kazi ile iliyochomolewa nayo mwezi ujao itakuwa hoja ya agizo jingine. Zaidi ya hayo, agizo humpa mtumishi jukumu la idara nyingine bila kumpa maandalizi yake. Mwaka 2008 mkoani Morogoro, ugawaji wa dawa za kichocho na minyoo shuleni ulizua ghasia. Uvumi ulienea kwamba watoto wanadhurika, wazazi wakakimbilia shuleni kwa hasira, na waliokumbana nao walikuwa walimu. Idara iliyokuwa na majibu ya kitaalamu haikuwa pale langoni. Mwalimu alikuwa amepewa vidonge na idadi ya watoto, lakini hakuwa ameandaliwa kumjibu mzazi aliyeingia kiwanja cha shule akipiga kelele.

Dawa ya pili ni kukata. Mwaka 2017 barabara za vijijini na mijini ziliondolewa kwenye idara za halmashauri zikapewa TARURA. Mwaka 2019, chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, maji vijijini yakapewa RUWASA. Sina ugomvi na maamuzi hayo, na wanaoyatetea wana hoja nzito: wahandisi ni wachache, mtandao wa mabomba hauishii kwenye mpaka wa kata, na mhandisi aliyekuwa akipokea fedha na viwango kutoka wizarani lakini barua za nidhamu kutoka kwa mkurugenzi alikuwa akivutwa huku na huku. Pale ambapo kazi ni ya fani moja kutoka mwanzo hadi mwisho, mstari mmoja wa amri ni bora. Lakini ukishaikata idara ikawa wakala, haja ya kushirikiana haijapungua hata kidogo. Kilichopungua ni uwezo wa mkurugenzi kumwita mhandisi kwenye kikao cha Jumatatu. Shule mpya ikijengwa, halmashauri inaweka madarasa, RUWASA ndiyo yenye bomba, TARURA ndiyo yenye barabara, shirika la umeme TANESCO ndilo lenye nguzo, na kila mmoja ana bajeti yake na bosi wake. Mbunge akiuliza, kila taasisi inaweza kuthibitisha kwa nyaraka kwamba haijakosea. Tukiendelea kukata hivi hadi mwisho, tutafika kwenye mambo yasiyokatika: urefu wa mtoto, afya ya mvuvi, shamba linaloliwa na tembo wanaotoka upande wa Serengeti. Hayo hayawezi kupewa wakala.

Kuna njia ya tatu, na tayari tumeijaribu sisi wenyewe. Desemba 2017 wakuu wa mikoa walisaini mkataba wa lishe na Waziri wa Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI) mbele ya Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan. Septemba 2022, Samia akiwa Rais, ukasainiwa mkataba mpya unaokwenda hadi mwaka 2030. Mkuu wa mkoa naye husaini na wakuu wa wilaya, na mnyororo unashuka hadi kata na kijiji. Afisa lishe wa wilaya ni mfano safi wa mtu mwenye kazi kubwa kuliko cheo chake. Anakaa chini ya mganga mkuu, lakini udumavu hauishi kwa matone ya vitamini A peke yake. Unataka mbogamboga na mikunde kutoka kilimo, chakula cha mchana kutoka elimu, maji safi, vyoo, na mama asiyetwishwa kazi zote za nyumba. Hana mamlaka juu ya hata mmoja wa wakuu hao wa idara. Mkataba haukumpa cheo kipya. Ulichofanya ni kumfunga bosi wa mabosi wake. Halmashauri ikatakiwa itenge shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano kutoka mapato yake ya ndani, kamati ya lishe inayokutanisha idara zote ikapewa ratiba ya robo mwaka, na matokeo yakawekwa kwenye kadi ya alama yenye kijani, njano na nyekundu. Mkuu wa wilaya mwenye nyekundu hujibu mbele ya wenzake. Ndipo mkuu wa idara ya kilimo anapoanza kumtafuta afisa lishe, badala ya afisa lishe kumsubiri mlangoni.

Nisiuvishe mkataba sifa zisizo zake. Udumavu nchini ulikuwa asilimia 34 katika utafiti wa mwaka 2015/16 na 30 mwaka 2022, lakini ulikuwa ukishuka tangu miaka ya 1990 ulipokuwa karibu nusu ya watoto, na mvua, bei na elimu ya akina mama vina sehemu yake. Zipo pia halmashauri zinazotenga ile shilingi 1,000 kwenye vitabu bila kuitoa. Ninachodai ni kidogo zaidi, na nadhani ndicho cha maana hapa: mkataba ulibadilisha jinsi wakuu wa idara wanavyotendeana bila kuhamisha mtu hata mmoja wala kuunda ofisi mpya. Ushahidi wa zamani kidogo unaelekea hukohuko. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi wa TEHIP, uliofanywa na Wizara ya Afya pamoja na shirika la Kanada la IDRC katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini, uliwapa wataalamu wa wilaya fungu dogo la nyongeza ambalo wangeweza kulipanga wenyewe, na chombo rahisi cha kuonyesha magonjwa yanayoua zaidi dhidi ya mahali fedha zinapokwenda. Walipoona kwa macho yao kwamba malaria na magonjwa ya watoto yalipata fedha kidogo kuliko mzigo wake, waliacha kugombea mafungu ya programu zao na kuupanga upya mpango wote. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano katika wilaya hizo vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya miaka michache. Hapakuwa na daktari aliyebadilishiwa bosi. Waliwekewa mezani fungu moja na picha moja ya tatizo.

Kwa Busega, basi, ningependekeza mambo machache, kwa sababu kujaribu kuunganisha kila kitu ni njia ya uhakika ya kutounganisha chochote. Kichocho, pamba na lishe vinatosha kwa kuanzia. Kwa kila kimoja mkurugenzi amteue kiongozi kwa barua, na barua hiyo ieleze anaweza kumwagiza nani, kwa siku zipi za mwaka, na kwa fungu gani. Bodi ya Pamba na mkurugenzi wakubaliane kalenda ya afisa ugani kabla msimu haujafunguliwa, waisaini wote wawili, na nakala ibandikwe ofisi ya kijiji ili mkulima ajue ni wiki gani ana haki ya kumdai mtu wake. Kwa kichocho, RUWASA na idara ya afya wapange kwa ramani moja: mahali maambukizi yanapozidi ndipo kituo cha maji na vyoo vya shule vitangulie, kwa sababu dawa huua minyoo iliyomo mwilini lakini haimzuii mtoto kuambukizwa tena akirudi majini wiki ijayo. Na alama iwe ya pamoja. Mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, OPRAS, ulioanza mwaka 2004, na PEPMIS uliochukua nafasi yake, yote imejengwa juu ya msimamizi mmoja anayempangia mtumishi malengo na kumpima. Ni sawa abaki mmoja, ila lengo la pamoja liandikwe kwa maneno yaleyale kwenye malengo ya kila mkuu wa idara anayehusika, na likishindikana wote wakose alama hiyo.

Wapo watakaosema mafahali wawili hawakai zizi moja, na kwamba Injili ya Mathayo imeshamaliza mjadala: hakuna awezaye kutumikia mabwana wawili. Ni kweli kwa mabwana wanaogombana, na maneno hayo yalihusu mapenzi na utii wa moyo, si ratiba ya kazi. Muuguzi wa zahanati hutumikia zamu na mgonjwa na mpango wa chanjo kwa siku moja bila moyo wake kugawanyika, ilimradi mtu amepanga kipi kinatangulia. Wengine watasema vikao tayari ni vingi na kila kikao ni posho. Hapo nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Kikao kisicho na fungu la kugawa wala alama ya kutoa ni mahali pa kusomeana taarifa, na hivyo vingi vingeweza kufutwa kesho bila hasara. Mahitaji ya kukutana hupungua pale makubaliano yanapokuwa yameandikwa mapema. Vikao vya dharura huzaliwa na mambo ambayo hayakuamuliwa kwa wakati wake.

Pingamizi zito zaidi ni la uwajibikaji. Mkurugenzi ndiye afisa masuuli, ndiye atakayejibu hoja za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, na Bodi au wakala una afisa masuuli wake. Fedha za fungu moja haziwezi kutumika holela kwa kazi za fungu jingine. Hilo halipingiki, na sipendekezi mfuko wa pamoja wa kienyeji. Kila taasisi ibaki na fungu lake na saini yake. Kinachounganishwa ni uamuzi wa mapema kuhusu nini kitangulie wapi, ukiandikwa katika mpango wa kila mmoja wakati bajeti inapoandaliwa, kabla baraza la madiwani halijaipitisha na kabla wakala haujapeleka wake wizarani. Mkaguzi akija atakuta vitabu viwili vilivyo safi vinavyoelekea kijiji kimoja. Leo anaweza kukuta vitabu viwili vilivyo safi vinavyopishana njiani, na hana hoja ya kuandika, kwa sababu hakuna sheria iliyovunjwa.

Mtihani mkubwa umeshaingia Busega. Mradi wa kuhimili mabadiliko ya tabianchi Simiyu, ulioidhinishwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017 kwa zaidi ya euro milioni 100, pamoja na fedha za benki ya maendeleo ya Ujerumani, KfW, na za Tanzania yenyewe, umepangwa kuchukua maji ya ziwa kutoka wilaya hii ili kuyafikisha Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu. Mpango wake hauishii kwenye tenki na bomba. Unagusa vyoo, na unagusa kilimo kinachostahimili ukame kwa mkulima mdogo, maana yake unahitaji Wizara ya Maji, idara za kilimo na afya, RUWASA na jumuiya za watumia maji za vijijini wafanye kazi kama watu wa ofisi moja ilhali hawatakuwa wa ofisi moja. Wakuu hao wasaini nani atafanya nini katika kila kijiji kabla kijiji hicho hakijakabidhiwa maji yake. RUWASA ikishapokea funguo za mitambo na idara ya kilimo ikishamaliza mafunzo yake kivyake, kila mmoja atakuwa na taarifa iliyokamilika kabatini, na hakuna atakayeona sababu ya kurudi mezani.